Msilie Mpaka Gari Lipite Kilima

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni na leo sina pumzi ya kurudia neno mara mbili. Frednand, nisukumie lile gunia la nguo mgongoni nipate kukaa, hivyo, inatosha. Jovina, wewe kaa huku kuliani, upande ambao mkono haujavimba, bado ni wangu. Projestus, shemeji, usisimame kizingitini, ingia, kigoda kipo. Na wewe katekista, fungua daftari lako uandike, maana haya nataka yasomwe siku ambayo sitaweza kubishana na mtu. Mlango uacheni wazi. Nataka nisikie gari likija.

Gari hilo litafika saa nne. Ni lile jeupe la hospitali ya mahema pale kambini, na ni la mwisho. Tangazo mmelisikia wenyewe, kwamba Desemba hii isiishe kabla wakimbizi wa Rwanda hawajarudi kwao, na tangu juzi mnawaona barabarani wakielekea Rusumo na masufuria kichwani. Mahema yanakunjwa. Daktari anawapeleka Mwanza wagonjwa sita wanaohitaji kisu, na nafasi ya sita ni ya Jovina, binti yangu, ambaye ana kivimbe kwenye titi la kulia, kidogo, hakizidi punje ya harage. Wote humu ndani mnajua. Na wote mnajua pia kwamba tangu jana anasema haendi, kwa sababu mama yake anakufa.

Basi wosia wangu ni huu, mengine yote ni ya kujazia: Jovina anapanda lile gari.

Najua mnachowaza, nimekaa katika ukoo huu miaka thelathini na nane. Mzazi akifa, binti yake hatoki nje ya ua siku nane, hashiki jembe, havuki barabara, na atakayevuka ataitwa mtoto aliyeuruka mwili wa mama yake, na jina hilo litamfuata hadi kwa wajukuu. Mimi mwenyewe nilikaa siku hizo nane alipofariki mama mkwe wangu, huku maharage yakiozea shambani, na sikunung'unika. Siibezi desturi. Lakini mimi siku zangu zimekwisha, padri amenipaka mafuta jana, na nikikata roho leo adhuhuri nanyi mkamfungia binti huyu humu siku nane, siku ya tisa pale kambini patakuwa na majivu na mashimo ya vyoo, basi. Yeye atarudi Nyantakara kwa mumewe, atashika jembe, atasema nitakwenda baada ya mavuno. Namjua. Neno hilo amelitoa kwangu.

Kwa hiyo nyamaza, Jovina, usinikatishe. Nataka niwaeleze jinsi nilivyojiua, maana ugonjwa huu haukuniua peke yake. Nilisaidiana nao.

Mwaka ule wa tisini na nne, watu walipovuka mto kwa maelfu mpaka vilima vyetu vikageuka bluu kwa maturubai, nilikuwa na mikalitusi mia na ishirini kule mteremkoni, aliyoipanda marehemu baba yenu kwa mkono wake. Kwa majuma matatu tu ikabaki visiki. Watu wanapika, watoto wao wana njaa, ningefanya nini? Leo nasema hivyo. Siku zile sikusema hivyo. Siku zile nilikaa juu ya kisiki nikawalaani wote bila kumbakiza mtu, mkubwa na mdogo, na chuki ile nililala nayo na kuamka nayo, ikawa ndiyo uji wangu wa asubuhi.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna maharage, walikuja wanawake wa kambini kuomba kibarua, maana posho yao haikutosha. Kati yao alikuwepo Uwimana. Mnamkumbuka, mrefu, mkimya, mwenye kovu kidevuni. Kwao alikuwa muuguzi, na pale kambini siku nyingine alisaidia kwenye mahema. Nilimpa kazi ya kupura na kuchambua kwa malipo ya ndizi. Kila asubuhi alisimama pale uani akaniambia, "Shikamoo, mama." Sikumwitikia hata siku moja. Niliinamia ungo wangu nikajifanya sikusikia. Majuma matatu, wanangu, mtu mzima mwenye watoto ananiamkia, nami nanyamaza, na bado Jumapili napokea komunyo.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, hasa ninyi wanawake mlioko huko uani, najua mpo, nawasikia mkipumua ukutani. Siku moja tulikuwa tumekaa kumi hivi tunachambua. Mnajua ninavyochambua maharage. Hapa Kasulo hakuna aliyenishinda; nafumba macho, napitisha vidole, kijiwe kikiwepo nakitoa. Uwimana akanitazama muda mrefu, akawaambia wenzake na majirani zangu, "Mwangalieni mama huyu vidole vyake. Hachokonoi kwa kucha. Analaza vidole vitatu, anazungusha polepole, anakwenda ungo mzima habakizi pembe. Hivyo hivyo, kila mwezi, damu ya mwezi ikishakatika, jichambueni matiti yenu. Anzieni kwapani, zungukeni hadi kwenye chuchu, pandeni hadi kwenye mfupa wa bega. Ukikuta kijiwe ambacho mwezi uliopita hakikuwepo, usikae nacho. Njoo kwenye mahema kikiwa bado kijiwe."

Wanawake waliacha kazi wakasikiliza. Mimi nikaona mkimbizi ananigeuza somo katika ua wangu, nikamjibu kwa sauti, "Matiti yangu si maharage ya msaada." Wakacheka wote. Naye akacheka kidogo, kwa adabu, akainama akaendelea kuchambua. Nilijisikia mshindi siku ile. Nilipika hata ndizi nyingi kuliko kawaida.

Haikupita wiki, nikiwa naoga, vidole vikafanya vyenyewe. Sikuvituma. Vikapita kwapani, vikashuka, vikasimama. Kijiwe. Kushoto, kwa nje, kigumu, hakichezi. Na hakikuuma. Hilo ndilo nataka mlishike kuliko yote nitakayosema leo: hakikuuma hata kidogo. Sisi wakulima tumezoea kwamba kitu kibaya kinauma, jino linauma, malaria inauma, uzazi unauma, basi nikajiambia kisichouma si ugonjwa. Nikajifunga kanga yangu nikatoka bafuni nikaenda kupika.

Katika ungo nisingekiacha. Ningekiona aibu kupeleka maharage yenye jiwe kwa mtu. Mwilini mwangu nilikiacha mwaka mzima.

Mnaniuliza kwa nini. Frednand umeniuliza mara ngapi, na mara zote nimekujibu kwamba sikujua. Nilikudanganya. Nilijua tangu siku ya kwanza. Leo nasema sababu, na Projestus yupo anisikie, kwa kuwa sehemu ya sababu hiyo ameikalia hapo kwenye kigoda.

Mimi sikuzaliwa Kasulo. Nilizaliwa ng'ambo ya mto Ruvubu, upande wa Burundi, na mama yangu alinivusha mgongoni nikiwa na miaka minne, mwaka wa njaa. Nilikua hapa, nikabatizwa hapa, nikaolewa hapa, na Kihangaza changu hakina kasoro, lakini cheti sina na ukoo upande huu sina. Baba yenu alijua na hakujali. Alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, Projestus aliitisha kikao akasema kibanja hiki, nyumba na shamba lake, kirudi kwa ukoo, mwanamke huyu ni wa ng'ambo. Wazee wakakataa, wakasema ana watoto, abaki. Akaondoka amenuna. Halafu kambi zilipojaa, tulipokutana kwenye rubisi, ile pombe ya ndizi, ya ubatizo wa mtoto wa jirani, akaniambia akicheka, mbele ya watu, "Shemeji, siku jina lako likionekana kwenye daftari la wakimbizi, mimi na wewe tutaongea upya habari ya kibanja." Usitikise kichwa, Projestus. Ulisema. Huenda kwako ulikuwa utani wa pombe. Mimi nilikwenda nao nyumbani.

Na pale kwenye mahema, watu walisema, huwezi kuonwa na daktari mpaka karani akuandike daftarini. Jina lako, la baba yako, umetoka wapi. Nikaliona jina langu limelala kwenye karatasi za wakimbizi. Niliwaza siku watakapofukuzwa wataitwa kwa daftari lile, na askari atasoma Scholastika, nami nitapandishwa lori nivushwe daraja, na kibanja cha watoto wangu kitakuwa na mwenyewe mwingine kabla vumbi halijatua. Nikapima mizani: kibanja upande mmoja, kijiwe upande mwingine, kijiwe kidogo, hakiumi. Nikachagua kibanja. Mungu anisamehe, nilijiona mama mwema.

Nikaanza kusema baada. Nitakwenda hospitali ya Biharamulo baada ya mavuno, kule hawanijui. Baada ya mavuno nikasema baada ya Noeli. Baada ya Noeli ikawa baada ya arusi ya Frednand. Katikati nilikwenda kwa mganga mmoja, akanichanja chale tatu, akapaka unga mweusi, akaniambia ni maziwa ya zamani yameganda. Nilitoka kwake nina furaha. Nani asingefurahi kuambiwa ana maziwa tu? Nilimbebea jogoo.

Miezi kama tisa baadaye ngozi ikaanza kuingia ndani, ikawa na vishimo vya ganda la chungwa. Chuchu ikageuka ikatazama pembeni. Kwapani nikahisi vingine viwili, vikubwa. Ikatoka damu kwenye nguo, nikaifua mwenyewe kisimani alfajiri, watu hawajaamka. Kisha ikapasuka, ikawa kidonda, na kidonda kikaanza kunuka, na mimi nikawa nachuma majani ya yale machipukizi ya mikalitusi kwenye visiki, nayaponda, nayafunga kifuani chini ya kitenge ili mkwe wangu asisikie harufu. Kanisani nilikaa nyuma karibu na mlango. Mlidhani nimekuwa mnyenyekevu.

Jovina ndiye aliyenigundua, Septemba hii, alipokuja na mtoto kunisalimia. Alinikumbatia, akanusa, akafunga mlango, akanivua kitenge kwa nguvu. Kesho yake akanipeleka kwenye mahema nikiwa nimefunikwa kichwa. Nilipofika mbele ya karani nilikishusha kitenge mpaka machoni. Sasa sikilizeni kichekesho. Mezani palikuwa na madaftari mawili. La bluu la wakimbizi, na la kijani, limeandikwa juu "Wenyeji". Karani hakuniuliza nimezaliwa wapi. Akauliza, "Mama, kijiji?" Nikasema Kasulo. Akafungua la kijani. Nilitazama ukurasa, wanangu, ninajua kusoma majina. Walikuwemo majirani zangu wote. Katekista, ulikuwemo wewe na jino lako. Alikuwemo mke wa Projestus, na malaria yake, na watoto wake watatu. Kila mtu wa hapa alikuwa ametibiwa pale bure kwa miaka miwili, na kibanja cha mtu hakikuhama. Ni mimi tu niliyekuwa nimekaa nyumbani nikililinda shamba dhidi ya daftari ambalo halikunihusu.

Daktari, yule kijana wa Kihaya, alinipima, halafu akaniuliza, "Mama, uliona lini mara ya kwanza?" Nikamwambia wakati wa maharage, mwaka jana. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Kilipokuwa kijiwe, tungekupeleka Mwanza wakakitoa, na huenda leo ungekuwa unalima. Sasa kimeshika mapafu." Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Jumatatu Uwimana alipita kuaga. Alikuwa na mzigo wake kichwani na watoto wawili nyuma, na askari wako barabarani wanahimiza watu, lakini aliacha msafara akapanda hadi hapa. Akasimama pale uani palepale. "Shikamoo, mama." Mimi nilikuwa nimelala hapa, nikataka kuitika, kikohozi kikanipanda, na nilipopata pumzi alikwisha kuanza kuzungumza na Jovina. Alimwambia, "Wewe ni binti yake, umekwisha kujichambua?" Jovina akasema bado. Uwimana akatua mzigo, akanawa mikono, akamwingiza chumba kile, na watoto wake wakangoja juani. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika. Akachana karatasi kwenye kitabu cha mtoto, akamwandikia daktari, akasema, "Peleka leo. Si kesho." Kisha akabeba mzigo wake akashuka kilima. Sikumwona tena, na nadhani sasa ameshavuka Rusumo.

Daktari hakusema ni kansa, Jovina, nami sitasema. Alisema hajui, na hakuna ajuaye kwa kutazama, mpaka Mwanza wakate kipande wakipime kwa darubini. Alisema vivimbe vingi vya wanawake wa umri wako si kansa. Inaweza kuwa bure. Ikiwa bure, utakuwa umekosa mazishi ya mama yako kwa ajili ya bure, na watu watakusema, na mimi huko niliko nitacheka mpaka nikose pumzi. Na ikiwa ndiyo, basi utakuwa umeiwahi ikiwa harage.

Unalia unasema utakwenda baada ya mazishi. Umesikia ulivyosema? Baada. Haya, njoo. Frednand, geuka ukutani, na ninyi wanaume wengine, katekista weka kalamu. Jovina, funua hiki kitenge. Funua, mwanangu, wewe ndiye unayeniosha kila siku, lakini unaniosha umeangalia pembeni. Leo tazama. Tazama mpaka chini, mpaka pale panapoonekana mfupa. Hapo ndipo ulipokuwa ukinyonya wewe. Hii ndiyo baada, Jovina. Inafanana hivi. Basi, funika. Funika, inatosha.

Geukeni sasa.

Projestus, nakuja kwako, na nakuja kwa heshima, kwa maana kwa ukoo wewe ndiye mkubwa aliyebaki. Najua kwamba ukisema Jovina asivuke ua, Frednand atakusikiliza wewe na si mimi nikishakuwa marehemu. Najua pia kwamba yale machipukizi ya mikalitusi mteremkoni yameshapita kichwa cha mtu, na kwamba kila ukipita unayahesabu, unadhani sikuoni. Miaka kumi na moja umeutaka mteremko ule. Nilikuwa tayari kufa kuliko uupate, na kweli nakufa. Sasa chukua. Mteremko wote na visiki vyake na kila kilichochipua, kutoka kwenye mfereji hadi kwenye jiwe la mpaka. Mimi nataka kitu kimoja. Simama hapo ulipo, useme kwa mdomo wako, wote wasikie, kwamba Jovina amekwenda Mwanza kwa ruhusa ya ukoo, na kwamba yeyote atakayemwita mtoto aliyeruka mwili wa mama yake amekutukana wewe.

Umeinamisha kichwa. Sitaki kichwa, shemeji, nataka mdomo.

Ahaa. Tumekusikia. Na umekubali upesi kuliko nilivyotegemea, ningejua ningekupa nusu. Katekista, umeandika? Andika na saa. Asante, Projestus. Kinyongo changu kwako nimekiacha, sina mahali pa kwenda nacho.

Yaliyobaki ni machache. Frednand, kibanja na nyumba ni vyako, na ng'ombe yule mwekundu, na usiuze migomba ya baba yako iliyoko karibu na kaburi lake. Mimi mnilaze ubavuni mwake. Shamba la maharage la juu ni la Jovina. Ndiyo, la mtoto wa kike, andika hivyo hivyo, na lake ni lake hata akiwa Nyantakara. Mumewe Shibuda amepelekewa habari na amejibu, atamngoja Lusahunga njia panda na nguo zake, na kama kuna mtu atamcheka binti yangu akirudi na titi moja, Shibuda ameniahidi kwamba mtu huyo si yeye. Na wewe Frednand usijione umepona kwa kuwa una ndevu. Daktari anasema wanaume nao huwapata, wachache, basi na wewe kifua chako kijue.

Ule ungo wangu, ule wenye ukingo wa ngozi, ni wa Jovina. Ukipona, kila msimu wa kuchambua waite wanawake, na wasichana waliovunja ungo, uwaambie walaze vidole vitatu, wazungushe polepole, wasibakize pembe. Uwaambie mama yangu alikuwa bingwa wa hapa Kasulo na alikufa kwa kijiwe alichokiona. Usinifichie. Nimefichwa vya kutosha.

Deni langu ni moja. Nadaiwa marahaba. Zile za majuma matatu na ile ya Jumatatu. Sijui Uwimana atakuwa wapi, ni nchi kubwa ile kwa mtu anayetafuta mtu, lakini mipaka haifungwi milele. Akitokea mtu yeyote kutoka huko, Frednand, hata akiwa ombaomba, akikuamkia mwitikie kwanza, halafu ndipo umuulize habari za mwanamke mwenye kovu kidevuni. Ukimpata, mpelekee maharage, yaliyochambuliwa, na umwambie Scholastika ameitika.

Katekista, andika na hili, na uliandike vizuri. Mimi Scholastika nilizaliwa ng'ambo ya Ruvubu. Ndiyo, liandike. Liko daftarini sasa. Hakuna lori lililokuja.

Mnalisikia? Hilo ni gari. Linapanda kutoka barabara kubwa.

Jovina, simama. Chukua kitambaa changu hiki, na rozari. Hapana, usipige magoti, ukipiga magoti hutainuka. Inama tu niweke mkono. Mungu aliyekutoa tumboni mwangu akutangulie barabarani, akutangulie kivukoni, aiongoze mikono ya hao watakaokushika. Maziwa niliyokunyonyesha yalikuwa mazuri, hayakuwa na kosa. Rudi kwa watoto wako. Ukizeeka, uzeeke vibaya, ukose meno, uwasumbue wakwe zako. Nimekubariki. Nenda. Usiniage tena mlangoni.

Umeniaga tena mlangoni. Marahaba, mwanangu. Marahaba. Nenda.

Frednand, njoo karibu. Zaidi. Sikiliza. Pumzi hii... haifiki chini. Nikikatika sasa hivi, mtu asifungue mdomo. Waambie wanawake wa uani. Hakuna yowe, hakuna kilio. Sauti ya kilio inavuka mabonde, ataisikia, atamwambia dereva asimame. Namjua. Gari lishuke bonde, lipande kilima kile, lipite. Hapo mlie mnavyotaka. Nishike mkono, huo huo. Hauumi.

Limewaka. Amepanda? Umemwona akipanda? Vizuri.

Linashuka sasa.

Projestus... mtazame mke wako asilie. Bado.

Nalisikia... lipo bondeni. Linapanda. Msilie. Bado nalisikia, Frednand... bado...